Hortense, Fundi wa Kufunga Vidonda

Hortense Katsuva anapima kidonda sawa vile fundi wa nguo anapima bega ya bibi-arusi. Anainama, anafunga jicho moja, anasema: "Usipumue." Mugonjwa anasahau maumivu, anaanza kujiuliza ni nani alishapumua na muguu. Mimi ni mama muzee, nilishafungwa vidonda na waganga wa kila namna, kule kwetu Djugu na hapa Bunia, na sijaona mwingine anafanya vile. Njo maana nataka habari yake iandikwe wakati angali muzima. Siye hapa tunazoea kungoja kilio ndipo tuanze kusifu mutu.

Ni enfirmie, muuguzi wa santre ya afya hapa mu mutaa wa Bigo, karibu na kwangu. Mama munene kidogo, sauti ya juu, na makasi inaning'inia ku shingo na kamba, hata akienda soko. Anatoka Butembo. Watu wa Butembo tunawacheka hapa, tunasema majani ya chai moja wanapikia mara tatu. Siku nilimwambia vile, akajibu: "Mara ine, Mama Glodie. Ya ine tunapatia wageni." Bwana yake, Josaphat, anauzisha viatu. Walihamia hapa wakati kwao kulianza kuwa kubaya, sawa vile siye tulihamia hapa wakati kwetu kulianza kuwa kubaya. Bunia ni muji ya namna ile. Hauulize jirani mara moja alitoka wapi na aliacha nani. Unangoja akuambie.

Hortense alikulia chini ya meza ya shangazi yake, aliyekuwa anashona iniforme za watoto wa shule. Kazi yake ilikuwa kuokota vipande. Pale alijifunza kukata patro, ile karatasi unakata kwanza kwa kufuata mwili ya mutu, kisha unailalisha juu ya kitambaa. Akigusa kitambaa na makasi mbele ya kupima, shangazi alimupiga vidole na rula ya mbao. Ni na vile vidole alienda kusoma kazi ya kuuguza.

Ku santre akakuta nini? Kompresi, vitambaa vya kufunikia kidonda, za kutoka mu karto, zote za pembe ine, zote ukubwa moja. Na kidonda haina pembe ine. Ingine iko nyuma ya sikio, ingine katikati ya vidole, ingine inazunguka kisigino. Ukiweka kitambaa ya pembe ine ku kisigino, inajikunja, ule mukunjo unakwaruza ngozi nzuri, na kisha siku kidogo mugonjwa iko na kidonda ya pili, na hii ya pili ni weye ulimupatia.

"Mama Glodie," aliniambia, "unaweza kushonea Bigo muzima suruali moja?"

"Siye hatuwezi. Muulize watu wa Butembo."

Akaanza kukata kila pansema, kile kifuniko cha kidonda, kwa mutu wake. Anaweka plastiki safi, ile ya kuona ndani, juu ya kidonda, anafuata ukingo yake na kalamu ya biki, kisha anakata patro. Chini, ile inalala juu ya nyama, anaweka kompresi yenye vaselini, ama yenye asali, hapana asali ya soko, ile walisafisha kwa ajili ya vidonda na wanaileta ku farmasi mu tube. Katikati anaweka pamba. Kidonda inatoa maji mingi, pamba inakuwa nene. Inatoa kidogo, inakuwa nyembamba. Juu anaweka kitambaa ya drap, shuka ya zamani, aliyoifua, akaipika mu maji ya moto, akaipiga pasi. Mwenye kutembea sana anamukatia njia moja, mwenye kulala tu anamukatia ingine. Kwa mutoto anaacha mukia ya kitambaa ya kuzungusha mara mbili, juu mutoto anavuta. Mukubwa wa santre alimuruhusu, na munganga wa opital alikuja kuangalia, akasema aendelee, lakini kila kitu ipikwe vizuri. Kwake, Josaphat alikuwa analalamika kama nyumba imekuwa atelie ya fundi na hakuna nguo hata moja ya kuvaa inatoka ndani.

Basi, mudogo wangu Nathanaël akaumia.

Nathanaël anachuuza maharagi. Anaenda kununua Komanda, anarudia juu ya pikipiki na magunia. Ile siku pikipiki iliteleza mu matope, ikamulalia ku muguu wa kuume, na bomba ya moshi, ingali moto sana, ikashika nyama toka ku kifundo mpaka karibu na nusu ya muundi. Wakati watu walifika kunyanyua pikipiki, ngozi ilibaki ku bomba. Alilala opital siku nyingi. Kisha wakamutoa, juu vitanda vilikuwa vinangojewa na wengine, na munganga wa kupasua akatuambia wazi: nyama inaanza kuoza upande wa chini, mufupa haiko mbali. Akatupatia randevu, siku ya kurudi. Kama siku ile kidonda haijaanza kujifunga, atakata muguu chini ya goti.

Nathanaël ni mujane, akakuja kulala kwangu. Ni mutu wa utani, lakini ile siku hakufanya utani. Aliniuliza tu, mimi dada yake mukubwa: "Yaya, mutu anapandaje pikipiki na muguu moja?" Nikamwambia anyamaze, akunywe uji.

Hortense akakuja na plastiki yake na biki yake. Alipima muda mrefu. Pansema ya kwanza ilikuwa nzuri kuangalia, ninasema kweli: ilikumbata kifundo sawa soksi, na ku kisigino aliiweka mapasuo matatu, sawa vile fundi anapasua shingo ya nguo ili ilale bila kujikunja. Akafunga na bandi, akatuangalia siye wawili.

"Hii hapana kufunguliwa. Ni mimi tu nafungua."

"Na hewa?" nikauliza. "Kidonda inatakiwa ikauke."

"Weye unalima, Mama Glodie. Ukipanda kamba ya viazi vitamu, unapanda mu udongo ya kukauka?"

"Hapana."

"Ngozi mupya nayo inatambaa sawa kamba ya viazi. Inatoka ku ukingo, inatafuta udongo yenye maji. Ukikausha, itatambaa wapi?"

Nilisikia. Sikusema ndiyo, lakini nilisikia.

Kisha wageni wakaanza kufika. Hapa kwetu mugonjwa haangojewi apone ndipo asalimiwe. Nathanaël anaimba sauti ya chini mu korali, na ni shemasi. Unaweza kuhesabu weye mwenyewe ni watu gani walikuja. Wa kwanza ilikuwa wamama wa maombi na mukubwa wao, Mama Micheline. Wakaketi, wakaimba wimbo moja, wakasimama kuzunguka kitanda. Mama Micheline akaangalia bandi, akaniangalia.

"Tunaombea nini?"

"Muguu."

"Ninaona kitambaa. Ninaombea kitambaa?"

Nikafungua.

Mutu asiyetoka kwetu atasema mimi ni mujinga. Aseme. Mimi nitaeleza. Miaka ile ya kukimbia vita, kila mutu alifika na habari yake, na habari zilikuwa nyingi kupita masikio. Mutu akisema waliniumiza, wengine walisema: labda alianguka, labda anatafuta tu kuandikwa mu site, kambi ya wahamaji, apate chakula. Kwa hiyo aliyekupenda alisema: nionyeshe. Ukamuonyesha. Akaangalia, hakugeuza uso, na pale mulikuwa wawili kubeba. Kuangalia kidonda ya mutu ilikuwa namna ya kumwambia: ninakusadiki. Na kidonda inayofichwa, watu walisema ni ya aibu, ama ya kurogwa. Ndiyo desturi nilikuwa ninafuata mu nyumba yangu. Sikuona kama ninavunja kitu ya mutu.

Nilikuwa ninanawa mikono. Nilikuwa ninafungua pole pole, na kufunga vile vile Hortense alifunga, mukunjo kwa mukunjo. Niko na macho. Wamama walikuja, korali ikakuja, wachuuzi wa maharagi wakakuja na vumbi yao ya Komanda. Nathanaël mwenyewe alikuwa ananyoosha muguu akisikia hodi.

Hortense akifika kubadilisha, alikuwa anakuta harufu. Asali imemwagikia upande moja, pamba imehama, ukingo wa kidonda mwekundu sawa ulimi. Alikata patro ya pili, akasema ya kwanza ilibana. Akakata ya tatu, akasema asali ilikuwa mingi. Akabadilisha mapasuo ya kisigino. Josaphat aliniambia barabarani kama bibi yake amekaa mezani na karatasi, hakuli, anasema mikono yake imemuharibikia. Randevu ilikuwa inakaribia. Na mimi? Sikuunganisha mambo mbili. Nilikuwa ninafikiri: asali yao ya mu tube ndiyo mubaya.

Siku ya Mungu moja, kisha ibada, korali na wamama wote walijaa mu chumba. Muguu ulikuwa wazi juu ya kiti, Mama Micheline amefunga macho, mukono yake juu ya nyama, haigusi, inabaki juu kidogo tu, na inzi inazunguka pale katikati. Wote tulifunga macho. Tuliposema Amina na kuyafungua, Hortense alikuwa amesimama ku mulango. Alikuja bila kutangaza, na patro ya ine mukononi. Sijui alisimama pale toka lini. Hakukata maombi. Hiyo nilimuheshimia.

"Nani alifungua?"

"Ni mimi," nikasema. "Nyumba ni yangu, mudogo ni wangu."

"Na leo ni mara ya kwanza?"

Mutu moja wa korali akakohoa. Nathanaël akasema: "Dokta, usimukasirikie yaya. Hapa ni sawa sinema, na mimi ndiye filamu."

Hortense akaketi ku ukingo wa kitanda, karatasi ikaanguka chini. "Ninakata," akasema, "ninapasua, ninashona, sikuli, ninajiuliza mikono yangu iko na nini. Kumbe munafungua! Kila mara mukifungua munangoa ngozi mudogo yenye imetambaa. Munaweka baridi, munaweka mavumbi, munaweka inzi. Mutamupeleka kukatwa muguu na nyimbo."

"Chunga mudomo, weye mutoto wa Butembo," nikamwambia. "Ulituambia tusifungue. Haukutuambia tuwaambie watu nini. Niwafukuze? Niseme mudogo wangu iko na kidonda ya kuficha?"

Mama Micheline naye akasema, lakini bila ukali: "Dokta, siye hatuombei kitu hatuoni. Hata Tomaso alionyeshwa vidonda vya Yesu."

Hortense akaokota karatasi yake. Alibaki anaangalia mukono ya Mama Micheline. Kisha akauliza kitu chenye sikungojea: "Mama, ukiomba, mukono unaweka fasi gani?"

"Fasi inauma."

"Nionyeshe vile unapita."

Mama Micheline akapitisha mukono hewani, akaanza ku kifundo, akapanda, akafuata ule ukingo mubaya wa ndani, akashuka ku kisigino. Alikuwa anakijua kile kidonda sawa njia ya kuenda kisima. Hortense akaosha, akafunga, akaenda bila kuaga mutu.

Kesho yake akarudi na pansema ingine. Chini kompresi, katikati pamba, juu drap, yote sawa mbele. Lakini juu kabisa, upande wa inje, alishonelea kipande ya kitenge, nyekundu yenye maua ya bleu, na alikata ile kitenge kwa patro ya kidonda yenyewe. Ukubwa ule ule, ukingo ule ule, mukia yake ya ku kisigino. Ilikuwa sawa kidonda imepanda juu ya kitambaa ikavaa nguo ya sikukuu.

"Wageni wakikuja," akasema, "hii ndiyo kidonda. Waangalie hii. Waweke mukono hapa. Kila nikibadilisha nitapima upya na kukata kitenge upya."

Nathanaël akatazama muguu wake. "Sasa niingie korali ya wamama?"

Mimi sikucheka. "Kitenge siyo kidonda," nikasema. "Unachezea watu."

"Basi fungua," akasema Hortense, na akatoka. Alikuwa amechoka na mimi, hiyo niliiona ku mabega yake.

Mama Micheline alifika na wamama wake wawili. Akaangalia kitenge. Akaniangalia. Mukono wangu ulikuwa tayari ku fundo ya bandi, ninasema wazi, na nilikuwa ninataka kuifungua, hata kwa kumuonyesha tu Hortense nani mwenye nyumba. Nathanaël akanishika kiganja.

"Yaya, acha." Akamwambia Mama Micheline: "Iko kubwa hivi, mama. Hapa chini ndipo inauma zaidi. Hapa juu haiumi, na munganga anasema fasi haiumi ndiyo mubaya."

Hatukuwa tumemusikia kusema vile. Siku zote tulikuwa tunaangalia, na hakuna aliyemuuliza. Mama Micheline akapiga magoti, akaweka kiganja muzima juu ya kitenge, mara hii akagusa kweli, juu pamba ya chini yake ilikuwa ya kutosha. "Hapa?" "Hapo." Akaomba kwa sauti ya chini, maneno machache kupita ile ya siku zingine.

Kwa hiyo haikufunguliwa. Lakini moyoni nilikuwa bado na mashaka. Ni nani anaweza kujua kama Hortense hakati kitenge kadogo kwa kututuliza? Fundi anaweza kukata vile anataka. Kitenge ya pili ilikuja kadogo kuliko ya kwanza, watu wakapiga kelele ya furaha, wa korali wakabishana: ile ya mbele ilifika hapa, hapana, ilifika hapa. Ya tatu kadogo tena.

Ya ine ilikuja kubwa.

Siyo yote. Upande wa juu ilikuwa imerudi ndani vizuri, lakini upande wa kisigino ilikuwa na ulimi mupya, mrefu sawa kidole. Hortense aliifunga, akangoja tuone. Tuliona. Nathanaël akageuza uso ku ukuta. Wamama walipokuja, mutu moja akaanza kulia, na randevu ilikuwa imebaki siku kidogo tu.

Niliwatoa wageni, nikamufuata Hortense ku barabara.

"Ungekata kadogo," nikamwambia. "Nani angejua?"

Akasimama. "Kesho nyinyi mungeombea nini?"

Basi. Kutoka ile siku nilimusadiki. Sikumwambia, na yeye hakuuliza. Nilirudi, nikasimama ku mulango wangu, na yeyote aliyetaka kugusa bandi alinikuta mimi kwanza. Hortense naye alitafuta sababu ya ule ulimi, akaona kama Nathanaël anaegemeza kisigino ku mbao ya kitanda akilala. Akamukatia muto mudogo wa povu ya matelas, ile ya godoro, akaupasua katikati, kisigino ikabaki hewani sawa yai mu kiota. Asali akaiweka upande ule tu. Pamba ya juu akaipunguza, ya chini akaiongeza. Kila siku aliuliza Nathanaël, hakuuliza pansema: wapi inauma, wapi inawasha, wapi haisikii kitu.

Siku ya randevu tulienda watatu. Hortense alivaa iniforme yake ya kupigwa pasi, makasi akaiacha nyumbani, ndipo nilijua anaogopa. Munganga wa kupasua akakuta kitenge, akauliza hii ni nini. Hortense akaeleza kwa Kifaransa, mbio mbio, akisugua mikono. Munganga akasikiliza mpaka mwisho, akasema heri wangekuwa na kitu ya namna ile mu sali, chumba ya wagonjwa, kule nako wageni wanainua bandi. Kisha akafungua. Akainama. Akabonyeza ukingo na kidole, akaweka chombo chake chembamba fasi ile ya kisigino, akapima ndani. Nathanaël alikuwa ameshika mukono wangu sawa mutoto. Mifupa yangu ni ya zamani, iliniuma, nikaacha anishike.

"Nyama mupya inapanda toka chini," munganga akasema. "Iko safi. Sitakata."

Nathanaël akauliza: "Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Lakini kifundo itabaki ngumu. Hautanyanyua magunia tena."

"Nitatafuta mwenye kunyanyua. Mimi nitakuwa mukubwa wa magunia."

Hortense aliomba tu maji safi, akaosha, akaweka ile alikuwa amekata asubuhi, akafunga. Ku fundo ya mwisho, mimi nikaweka kidole changu juu ili aikaze.

Inje kulikuwa na pikipiki za kungoja watu. Nathanaël akazikataa zote. Akasema atatembea, hata mpaka fasi barabara inaanza kupanda tu. Alitembea na fimbo, muguu mugumu sawa mbao, anakanyaga na vidole kwanza. Mimi upande wa kushoto, Hortense nyuma yetu. Nikageuka, nikaona haangalii barabara, haangalii watu waliokuwa wanamusalimia. Anaangalia kisigino.

"Dokta," Nathanaël akapaza sauti bila kugeuka, "hauna hata furaha?"

"Furaha iko. Lakini pale nyuma pansema inavuta. Kesho nitaikata tena."